Ukurasa Mmoja wa Thomas Aquinas

Waheshimiwa walimu, wanafunzi, ndugu zangu nyote mliofika jioni hii, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nieleze jinsi dini ya Kiyahudi na falsafa ya Kigiriki zilivyoijenga Ulaya Magharibi ya Zama za Kati. Mada ni pana, na atakayetaka kuimaliza yote atahitaji muhula mzima. Mimi nitafungua ukurasa mmoja wa kitabu kimoja, kisha nitarudi nyuma kutafuta yaliyoandikwa humo yalitoka wapi.

Kitabu chenyewe ni Summa Theologiae. Mwandishi wake ni Thomas Aquinas, ambaye Wakatoliki wa kwetu wanamwita Tomaso wa Akwino, mtawa Mdominiko kutoka Italia ya kusini. Alianza kukiandika mnamo mwaka 1265. Katika sehemu ya kwanza, swali la pili, anauliza kama Mungu yupo. Haanzi kwa kujibu. Anaanza kwa kumpa nafasi anayekataa, na anampa hoja nzito: kama yupo Mungu mwenye wema usio na mipaka, mbona uovu upo? Tena, kama kila tunachokiona kinaelezeka kwa nguvu za asili na kwa akili na utashi wa binadamu, Mungu anahitajika kwa kazi gani? Baada ya hapo Thomas anageuka kwa sentensi moja tu. Anasema, lakini Mungu mwenyewe ametamka: "MIMI NIKO AMBAYE NIKO." Ni maneno ya kitabu cha Kutoka, sura ya 3, Musa akiwa mbele ya kijiti kinachowaka moto bila kuteketea.

Mstari unaofuata, tumeshafika Ugiriki. Kila kinachosogea, anasema Thomas, husogezwa na kingine. Mfululizo huo hauwezi kurudi nyuma bila kikomo. Basi lazima awepo msogezaji wa kwanza asiyesogezwa na yeyote. Hiyo ni hoja ya Aristotle, mtu wa karne ya 4 kabla ya Kristo ambaye Torati ya Musa haimo popote katika maandishi yake. Mistari michache mbele inakuja hoja ya vitu vinavyoweza kuwepo na vinavyoweza kutokuwepo, na hoja hiyo ilikuwa imeshapita katika mikono ya Ibn Sina, Mwislamu wa Bukhara, na ya Musa bin Maimuni, Myahudi wa Córdoba, kabla ya kumfikia mtawa huyu wa Kiitalia.

Hayo yote yamo katika ukurasa mmoja. Nami naamini kwamba ukiuelewa ukurasa huo umeielewa Ulaya ya wakati ule kuliko ukikariri majina ya wafalme wake wote.

Nina jambo moja la kusema leo. Tumezoea kuambiwa kwamba Ulaya ilichukua imani kutoka Yerusalemu na akili kutoka Athene, ikavichanganya, ikapata ustaarabu. Mimi nasema havikuchanganyika. Viliishi nyumba moja kwa zaidi ya miaka elfu vikibishana, na kazi kubwa za Zama za Kati zilizaliwa katika ubishi huo. Tena waliobeba urithi huo hadi Ulaya, Wayahudi wakiwa miongoni mwao, walilipwa vibaya.

Tazameni kwanza tofauti ilivyokuwa kubwa. Mungu wa Torati anaumba kwa hiari yake. Anasema na watu. Anatoa amri, anakasirika, anasamehe, anamtuma nabii Nathani kwenda kumwambia mfalme Daudi usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Mungu wa Aristotle hafanyi hata moja kati ya hayo. Ni ukamilifu unaojitafakari wenyewe milele. Ulimwengu unazunguka kwa kumtamani, lakini yeye hakuuumba, na hakuna dalili kwamba anamjua mtu yeyote kwa jina. Kwa upande mmoja ukweli unapokewa kwa kusikiliza, na kwa upande mwingine unatafutwa kwa kuuliza sababu na kudai uthibitisho.

Kukutana kwao kulianza mapema, Aleksandria ya Misri, ambako katika karne ya 3 kabla ya Kristo Torati ilitafsiriwa kwa Kigiriki kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa wanaishi katika lugha hiyo. Katika mji huohuo, wakati wa maisha ya Yesu, Philo, Myahudi msomi, aliandika vitabu kuonyesha kwamba Musa na Plato wanaweza kusomwa pamoja. Ajabu ni kwamba waliovihifadhi vitabu vyake ni Wakristo zaidi kuliko Wayahudi wenzake. Paulo naye, Matendo ya Mitume sura ya 17, alisimama Areopago, mjini Athene, mbele ya Waepikureo na Wastoiko, wafuasi wa shule mbili za falsafa ya Kigiriki, akawanukulia washairi wao wenyewe. Alipofika kwenye ufufuo wa wafu, wengine wakadhihaki. Karibu na mwaka 200, Tertuliani wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini, akauliza kwa hasira Athene ina uhusiano gani na Yerusalemu. Alidhani hakuna.

Mwafrika mwenzake alimjibu kwa maisha yake. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, ndani ya Algeria ya leo. Anasimulia katika Maungamo yake kwamba alipokuwa Milano alisoma vitabu vya wafuasi wa Plato, na vikamwonyesha kwamba kilicho halisi si lazima kiwe na mwili. Lakini anaongeza, na hapa sauti yake inabadilika: humo alikuta kwamba hapo mwanzo kulikuwako Neno, lakini kwamba Neno alifanyika mwili, hilo hakulikuta. Falsafa ilimfikisha mahali akaona nchi kwa mbali, lakini njia ya kuifikia hakuipata humo. Kwa miaka 800 baada yake, msomi wa Ulaya alipofikiri juu ya roho, wakati au uovu, alifikiri kwa maneno ya Augustino.

Sasa naomba tusikae kwa wasomi tu, maana hapo ndipo watu hukosea wakadhani urithi wa Kiyahudi ulikuwa wazo fulani vitabuni. Ulikuwa sauti ya kila siku. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inawaamsha watawa wakati wa baridi saa nane ya usiku, na kwa bahati nzuri Warumi waliyahesabu masaa kama sisi, kwa hiyo ni saa nane yetu hii. Wanaamka kuimba Zaburi. Benedikto anaagiza Zaburi zote 150 zimalizwe kila wiki, na anawasuta watawa wake kwamba mababa watakatifu walizimaliza kwa siku moja. Kwa nini wasali mara saba kwa siku? Kwa sababu Zaburi ya 119 inasema, "Mara saba kila siku nakusifu." Fikirini hilo: maelfu ya wanaume na wanawake, kutoka Ireland hadi Sicilia, wengi wao hawakuwahi kumwona Myahudi, wakilala na kuamka na mashairi ya Israeli midomoni mwao kwa karne nzima baada ya karne.

Ufalme nao ulikuwa hivyohivyo. Mwaka 754 Papa Stefano wa Pili alimpaka mafuta Pipino, mfalme wa Wafranki, kama Samweli alivyompaka Daudi. Mwana wa Pipino, Karolo Mkuu, aliitwa Daudi na wasomi wa baraza lake. Jina hilo lilikuwa heshima, na ndani yake mlikuwa na onyo, kwa sababu kila aliyesoma habari za Daudi alijua pia habari za Nathani. Roma ilimfundisha mfalme kutawala. Israeli ndiyo iliyofundisha kwamba anaweza kushtakiwa na mtu asiye na upanga.

Falsafa ya Kigiriki katika miaka hiyo ilikuwa imebaki kidogo sana Magharibi. Boethius, msomi wa Kirumi aliyeuawa na mfalme Theodoric mnamo mwaka 524, alikuwa amekusudia kuvitafsiri kwa Kilatini vitabu vyote vya Plato na Aristotle. Aliwahi kumaliza vitabu vya mantiki tu. Vingine vikapotea machoni pa Walatini kwa miaka 600. Lakini Baghdad vilikuwa vinasomwa. Huko karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo, na wenzake walivileta katika Kiarabu, na wanafalsafa Waislamu wakaendelea kutoka hapo: al-Kindi, al-Farabi, Ibn Sina. Atakayeeleza Ulaya ya Zama za Kati bila kutaja Kiarabu ameruka daraja, na wasikilizaji wake watazama.

Daraja lilikuwa Toledo. Wakristo waliuteka mji huo mwaka 1085, wakarithi maktaba zake na watu wake. Gerard wa Cremona alitoka Italia kwenda huko kutafuta kitabu kimoja cha nyota cha Ptolemy. Akakuta utajiri wa vitabu, akajifunza Kiarabu, akakaa hadi kufa kwake mwaka 1187, akiwa ametafsiri zaidi ya vitabu 70.

Yupo mwingine wa Toledo ninayempenda zaidi. Kati ya miaka ya 1152 na 1166, kitabu cha Ibn Sina juu ya nafsi kilitafsiriwa kwa ajili ya askofu mkuu wa mji huo. Katika barua ya kukikabidhi, mtafsiri anajitaja kuwa Avendauth, Mwisraeli, mwanafalsafa, na anaeleza kazi ilivyofanyika. Yeye alisoma Kiarabu na kulitamka kila neno kwa lugha ya mtaani ya Hispania. Shemasi mkuu Dominicus Gundissalinus, aliyeketi naye, akaligeuza kila neno kuwa Kilatini. Ndivyo Mwislamu aliyemsoma Mgiriki alivyofika kwa Wakristo: Myahudi na padre mezani, neno kwa neno, katikati yao lugha ya sokoni. Wanafunzi wa historia, msiliache jambo hili lipite. Mara nyingi tunasema "mawazo yalienea," kana kwamba mawazo yana miguu. Yalibebwa na watu, na watu hao walikuwa na majina.

Vitabu hivyo vilipofika Paris vilileta mtikisiko. Mwaka 1210 baraza la maaskofu lilipiga marufuku kufundisha vitabu vya Aristotle vya maumbile, hadharani au kwa siri. Mwaka 1215 marufuku ikarudiwa. Mwaka 1255 kitivo cha sanaa cha chuo kikuu hichohicho kiliviweka karibu vyote kwenye mtaala. Miaka 45 ilitosha kukigeuza kilichoharamishwa kuwa cha lazima.

Ubishi ulishika kwenye jambo moja hasa. Aristotle alifundisha kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Mbingu zimezunguka tangu milele. Biblia inafunguliwa kwa maneno "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Hakuna namna ya kuyapatanisha mawili hayo kwa tabasamu. Na wa kwanza aliyeonyesha njia ya kuukabili ubishi huo kwa uaminifu alikuwa Musa bin Maimuni. Alizaliwa Córdoba mwaka 1138, mji uleule alikozaliwa Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu, miaka 12 kabla. Familia yake ilikimbia utawala wa Kiislamu wa Almohadi, yeye akaishia Misri, akawa tabibu wa wakuu wa serikali ya Salahuddin na kiongozi wa Wayahudi wa huko, hadi alipofariki mwaka 1204. Aliandika kwa Kiarabu, kwa herufi za Kiebrania, kitabu kwa ajili ya waumini waliosoma falsafa wakachanganyikiwa.

Humo anasema jambo la ujasiri mkubwa. Sababu yangu ya kuikataa milele ya ulimwengu, anasema, si maandiko. Kama ingethibitishwa, ningeweza kuyafafanua maandiko hayo, kama ninavyoyafafanua yale yanayosema Mungu ana mkono na jicho. Ninaikataa kwa sababu haijathibitishwa, na kwa sababu inaing'oa Torati kutoka kwenye mizizi yake: kama kila kitu kinatoka kwa Mungu kwa ulazima, hakuna amri, hakuna muujiza, hakuna ahadi. Kisha anamchambua Aristotle mwenyewe na kuonyesha kwamba hata yeye alijua hoja zake hapo hazikufikia uthibitisho kamili.

Thomas alikisoma kitabu hicho kwa Kilatini. Anamtaja kwa heshima, Rabi Musa. Pale Paris alizungukwa pande mbili: Siger wa Brabant na walimu wenzake wa sanaa wakimfuata Aristotle hadi mwisho, na Bonaventura, mwanateolojia Mfransisko, akishikilia kwamba akili inaweza kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Thomas alipita njia aliyoifungua Rabi Musa: akili haiwezi kuthibitisha upande huu wala ule; mwanzo tunaujua kwa imani. Akawaonya Wakristo wenzake wasilete hoja dhaifu kuitetea imani, wasioamini wasije wakacheka wakidhani tunaamini kwa sababu ya hoja hizo. Naona hilo ni miongoni mwa maneno ya haki zaidi aliyowahi kuyaandika mwanateolojia.

Tarehe 7 Machi 1277, miaka mitatu kamili tangu Thomas afariki, Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani kauli 219 zilizokuwa zikijadiliwa chuoni. Milele ya ulimwengu ilikuwamo. Ilikuwamo pia kauli kwamba Mungu hawezi kuumba malimwengu mengi. Askofu alitaka kuilinda hiari ya Mungu wa Torati dhidi ya ulazima wa Aristotle, na matokeo yake wasomi wa karne ya 14 walilazimika kujiuliza: kama Mungu angetaka, malimwengu mengine yangekuwaje? Marufuku ya kidini ikawafungulia mlango wa kuwaza nje ya Aristotle.

Mfano wa pili nautoa maishani, nao ni riba. Torati inamkataza Mwisraeli kumtoza nduguye riba. Kumbukumbu la Torati 23 inamruhusu kumtoza mgeni. Aristotle, akiwa hajui lolote juu ya sheria hiyo, aliandika katika Siasa kwamba fedha iliundwa kwa ajili ya kubadilishana, na fedha kuzaa fedha ni chumo lililo kinyume cha asili kuliko yote. Kanisa lilikuwa limekataza riba tangu zamani. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano uliwanyima wakopeshaji sugu wa riba maziko ya Kikristo. Kitabu cha Siasa kilipopatikana kwa Kilatini, mnamo mwaka 1260, kwa kazi ya William wa Moerbeke, amri ya Sinai ilipata shahidi wa Kigiriki. Thomas anawaita wote wawili katika swali moja. Na juu ya yule mgeni anaamua kwamba ruhusa ilitolewa ili kuepusha ovu kubwa zaidi, maana kila mtu yatupasa kumwona jirani na ndugu.

Maneno mazuri. Lakini biashara ilihitaji mikopo, na Wayahudi, waliofungiwa kazi nyingi nyingine, waliachiwa kukopesha chini ya ulinzi wa wafalme waliowakamua kwa kodi. Mdaiwa alimchukia mkopeshaji, mfalme akala faida. Mwaka 1290 Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi wote Uingereza. Mwaka 1306 Filipo wa Nne akafanya hivyohivyo Ufaransa, akachukua mali zao na madeni waliyokuwa wakiwadai watu. Wale ambao Thomas alisema ni ndugu hawakuonekana ndugu.

Paris yenyewe ilikuwa imeshaona moto. Mwaka 1240 Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi, ilishtakiwa mbele ya Malkia Blanche wa Ufaransa, Rabi Yehiel akiwa mtetezi wake. Ikahukumiwa. Miaka miwili baadaye mikokoteni 24 ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono ilimwagwa uwanjani ikachomwa. Ni katika miongo hiyohiyo walimu wa Paris walikuwa wakimsoma Rabi Musa kwa Kilatini na kunukuu maneno yake darasani. Sitaki tulipite hili kwa kusema kwamba zama zilikuwa ngumu. Watu wenye akili nyingi walikula matunda ya mti huku wakiukata, na baadhi yao walijua.

Nimalizie kwa mtu mmoja. Wasomi wa Kilatini walikuwa na kitabu kiitwacho Fons Vitae, Chemchemi ya Uzima, kilichotafsiriwa Toledo kwa mkono wa Gundissalinus yuleyule. Mwandishi wake walimwita Avicebron. Wengine walimdhania Mwislamu, wengine Mkristo, kwa sababu kitabu hakina aya hata moja ya maandiko. Wafransisko walilipenda fundisho lake kwamba hata malaika wana aina fulani ya mata, yaani kile ambacho vitu vimeundwa kwacho. Thomas alilipinga kwa nguvu. Wasomi hao walibishana na Avicebron karne nzima.

Wakati huohuo, Wayahudi wa Hispania na kwingineko walikuwa wakiimba masinagogini tenzi za mshairi wao mkubwa, Solomon ibn Gabirol, aliyezaliwa Málaga katika karne ya 11. Utenzi wake wa Taji ya Ufalme unasomwa katika baadhi ya jumuiya zao hadi leo Siku ya Upatanisho. Mwaka 1846, Salomon Munk, Myahudi msomi aliyefanya kazi katika maktaba ya taifa jijini Paris, alilinganisha dondoo za Kiebrania na maandishi ya Kilatini ya Fons Vitae. Avicebron na Ibn Gabirol ni mtu mmoja. Kwa karibu miaka 700 Kanisa na sinagogi walikuwa wamegawana mtu huyo, huku falsafa na huku sala, bila upande wowote kujua kwamba mwenzake anaye.

Munk alipofuka macho miaka michache baadaye. Akiwa kipofu alitoa, kati ya mwaka 1856 na 1866, maandishi ya Kiarabu ya kitabu cha Rabi Musa pamoja na tafsiri yake ya Kifaransa, katika mji uleule ulioichoma Talmudi.

Nipo tayari kwa maswali yenu. Asanteni sana.